Chumba cha Kitinda Mimba

Nyumba yetu ipo Kanyenye, katika mtaa ambao zamani misafara ya kutoka pwani ilipita ikielekea Ujiji. Babu yake baba alifika na msafara mmojawapo, akauguza mguu, akaoa, akabaki. Alichotuachia ni kiwanja na baraza pana kuliko zote mtaani, kwa sababu wapagazi walikuwa wakilala hapo. Nyumba yenyewe imejengwa upya zaidi ya mara moja, lakini baraza hakuna aliyethubutu kuipunguza.

Ni nyumba ya kawaida ya mjini Tabora: ujia katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ua nyuma wenye jiko na choo. Chumba kimoja kilikuwa cha wazazi. Kingine tulilala watoto, pazia katikati, wasichana huku na wavulana kule. Vinne vilivyobaki vilikuwa vya kupangisha, na sisi tulikuwa watoto wanne. Hilo halikutokea kwa bahati. Mama alipomzaa kitinda mimba wetu alitangaza kwamba vyumba vimekwisha, na kwa hiyo na yeye amekwisha.

Kila chumba kilikuwa cha mtoto mmoja. Hakuwa analala humo, alikuwa anasomeshwa na pango lake. Pango la chumba cha kaka mkubwa lilinunua daftari, sare na baadaye nauli ya kaka mkubwa kwenda chuo. Langu lilinisomesha mimi. Mpangaji wangu akichelewa kulipa, mimi ndiye niliyeenda shule na viatu vilivyotoboka, si kaka, hata kama mpangaji wake alilipa mapema. Nililia sana siku moja nikaambiwa nikamlilie mpangaji.

Mtoto akimaliza masomo alikabidhiwa ufunguo. Mama alipika pilau, baba akausomea ufunguo dua, na tangu siku hiyo pango la chumba kile likawa la mwenyewe, alee nalo wanawe. Chumba changu sasa kinamsomesha mwanangu. Cha kaka kinasomesha wawili wake, ingawa anaishi Mwanza na chumba hajakiona miaka mingi.

Watu huniuliza kwa nini wazazi hawakuweka akiba benki kama wengine. Waliweka, mara moja. Baba ni fundi wa kanzu, na mwaka ambao mahujaji walikuwa wengi alipata fedha nzuri akaipeleka benki, akaiweka kwenye ile akaunti ya muda maalumu. Muda ulipofika alikuta kiasi kimeongezeka. Akauliza kijana wa dirishani hicho cha juu ni cha nani. Akaambiwa ni riba yake mzee, ila serikali imeshakata kodi yake humo humo. Baba alichukua mtaji wake tu, na ile riba akawapa watu waliokuwa wanachimba choo cha soko. Nyumbani alitusimulia huku anacheka mpaka machozi: "Nimepewa haramu, na haramu yenyewe imeshakatwa kodi!"

Hivyo ikawa vyumba.

Mimi kazi yangu ni kutunza hesabu za maduka ya watu. Sina cheo, nina meza moja mtaa wa Gongoni ndani ya duka la vifaa vya shule, na wenye maduka huniletea risiti zao kwenye mifuko ya rambo. Nawaandalia makadirio, nawapeleka ofisi ya kodi wasiotaka kwenda peke yao, nawagombeza. Kugombeza ndiko ninakokupenda zaidi. Mtu anakuja amekadiriwa kodi kubwa kwa biashara ambayo ilishakufa nusu, na miaka yote hajafungua mdomo kusema imekufa. Analipa kwa aibu. Nampeleka nikimsema njia nzima.

Sasa mtu kama mimi, ndugu zake ndio wa mwisho kumsikiliza. Nilimaliza miaka nikihesabu kodi za mji mzima kabla sijaangalia ya nyumbani kwetu.

Niliiangalia kwa sababu ya umeme. Mama aling'ang'ania kila chumba kiwe na mita yake. Nyumba nyingine wapangaji huchangia mita moja na kugombana kila wiki. Mama hakuogopa ugomvi, alichoogopa ni kuchanganya haki. Kwamba mpangaji wa chumba changu akiwasha pasi, senti moja ya umeme ule isije ikatoka kwenye chumba cha mdogo wangu. Kaka alimwambia hiyo ni kujitafutia gharama. Mama akamjibu, "Gharama nitailipa hapa duniani." Zikafungwa mita sita, zimepangana ukutani kwenye ujia, moja ni ya chumba cha wazazi na moja ya kile tulicholala.

Kisha serikali ikaanza kukata kodi ya jengo kwenye umeme. Ukinunua umeme, mwezi ukianza, kodi ya nyumba inakatwa humo. Na sisi tulikuwa na mita sita. Mashine haijui kwamba huyu ni mwanamke wa Kanyenye anayeogopa kudhulumu wanawe. Mashine iliona mita sita ikahesabu nyumba sita.

Nilipogundua nilikaa kwenye ngazi ya ujia nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika. Mama alikuwa ameona makato miaka yote, akidhani kila chumba kinatoa sadaka yake kwa serikali. Nilichukua namba za mita, nikachukua karatasi ya kiwanja, nikaenda ofisini. Walikuwa waungwana. Wakanielekeza cha kujaza, na baada ya kurudi mara kadhaa nyumba yetu ikawa nyumba moja.

Jioni nilimweleza mama kiasi tulichokuwa tunapoteza. Nilitegemea anipe hongera. Aliniuliza, "Sasa hiyo kodi moja iliyobaki, inakatwa kwenye chumba cha nani?"

Nikasema cha wazazi.

"Hapo sawa," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nalieleza hili ili ieleweke mama yetu ni mtu wa namna gani, kwa sababu bila kumjua yeye haieleweki tulivyokwama kwa kitinda mimba.

Chumba cha kitinda mimba ni cha mbele, mkono wa kushoto, dirisha linatazama barabara. Ndicho kizuri kuliko vyote. Mdogo wetu alipokuwa bado mtoto, baba alikuwa na fremu yake ya kushonea Gongoni. Pango la fremu likapanda, kanzu za kuletwa kwenye makontena zikajaa sokoni, na baba akashindwa. Akafunga. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa ndiyo kwanza ameondoka, na baba akaingiza cherehani yake humo kwa muda, mpaka apate fremu nyingine.

Hakupata nyingine. Cherehani ikakaa, ikaja meza ya kukatia, ikaja misumari ukutani yenye kanzu za watu, ikaja redio. Alilala humo mchana baada ya adhuhuri kwenye mkeka, kichwa chini ya meza ya kukatia. Sisi tulikuwa tumeshaondoka, na mdogo wetu alikuwa kwenye shule ya serikali ambayo haina ada. Michango midogo baba aliilipa kwa sindano yake. Hakuna aliyeona kwamba chumba cha mtoto hakina mpangaji.

Tuliona siku alipochaguliwa chuo cha uuguzi.

Alikuwa ameomba mwenyewe kwa simu, bila kelele. Alinionyesha jibu kwenye meza yangu dukani, akiwa amesimama kati ya mabegi ya shule. Nafasi alikuwa nayo, ila nusu ya ada ya mwaka ilitakiwa kabla ya kuripoti, na asiyeripoti nafasi yake angepewa mwingine. Mkopo hakupata. Alikuwa ametaka uuguzi tangu alipomuuguza bibi kwenye ule ule ujia, akimgeuza, akimsafisha, akiimba, na sisi wakubwa tukipita na vikombe vya chai. Nilijua kama nafasi hii itapita hataomba tena. Ni mtu wa namna hiyo, hasukumani.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, dada yake ndiye anayetunza hesabu za mji.

Nikaanza kazi. Kwanza baba. Alikuwa bado anakadiriwa kodi kama mwenye fremu mjini, wakati anashona kanzu mbili kwa wiki kwenye chumba cha nyumbani. Aliilipa kila mwaka bila kusema, kama wale wale ninaowagombeza. Nikampeleka, tukaeleza, wakapunguza. Ile iliyopungua nikaiweka kando. Kilichookolewa kwenye mita nikakiweka kando. Nikamweleza mama kuhusu mifuko ya uwekezaji wa vipande, ambako unanunua kidogo kidogo na faida unayopata haikatwi kodi kama ile ya benki. Upo na wa watoto, na ipo isiyogusa riba. Mama alisikiliza vizuri kabisa. Akasema ni jambo jema na wajukuu wafunguliwe. Mwanangu nilimfungulia wiki ile ile, na hilo sijutii. Lakini kipande kilichonunuliwa leo hakilipi ada ya mwezi ujao.

Nilijumlisha nilivyokuwa nimeokoa kwa ujanja wangu wote. Vilitosha sare, viatu na nauli. Nilijiona mjinga. Nimewafundisha watu miaka mingi kwamba akiba nzuri ni ile inayoanza mapema, na hapa kwetu ilikuwa haijaanza.

Kaka akapiga simu kutoka Mwanza akasema tuchange. Rahisi tu, pango la chumba chake la miezi kadhaa, la changu, la cha mdogo wetu wa kiume anayefanya kazi ya reli Kaliua. Tulikuwa tumeshakubaliana. Mama akakataa.

"Chumba chako kinamsomesha nani sasa?" akaniuliza.

"Mwanangu, mama."

"Basi huwezi kutoa. Si chako. Wewe umeshakula chako ukamaliza."

"Lakini mama, huyu ni mdogo wangu."

"Na yule ni mjukuu wangu. Nikiruhusu leo mjukuu amlipie mama yake mdogo, kesho mtaniambia nini mtakapogombana? Kila mtu ana chumba. Kitinda mimba anacho chake."

Tulikuwa tumekaa uani, na kutoka chumba cha mbele ilisikika cherehani, inakwenda, inasimama, inakwenda. Ndipo nilipoelewa kwamba mama alikuwa amejua muda wote. Alijua jibu liko wapi, na hakuwa na moyo wa kwenda kulisema.

Hata mimi sikuwa nao. Mimi ninayegombeza wafanyabiashara wenye matumbo, niliondoka nyumbani siku ile nikipita mlango wa chumba cha mbele haraka, nikasema "Baba, nimeondoka," bila kuchungulia. Kaka naye akasema tumpe muda. Muda wenyewe hatukuwa nao. Mdogo wetu hakumwambia mtu neno. Alimsaidia baba kushona vifungo kwenye kanzu, kama kawaida yake, na jibu la chuo likiwa kwenye simu mfukoni mwake.

Sijui nani alimwambia baba. Mama anasema si yeye. Nadhani hakuambiwa. Alisikia tu, kwa sababu kuta za nyumba ile ni za udongo na uani si mbali. Nilikuja asubuhi ya Jumamosi kumletea dawa ya macho, nikamkuta barazani. Cherehani ilikuwa pale, pembeni ya mlango, upande usiopigwa na jua la asubuhi. Meza ya kukatia ilikuwa imeegemea ukuta. Alikuwa amesimama juu ya kigoda anapigilia msumari kwenye boriti ya baraza, na mdomoni alikuwa na misumari mingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nishikie hii kanzu, ya watu, isiguse chini."

Nikashika. Akapigilia. Nikauliza kwa nini amehama, swali la kipumbavu, kwa sababu nilikuwa nalijua jibu.

"Humo ndani nilikuwa sionekani," akasema. "Fundi anatakiwa aonekane. Wateja walikuwa wanadhani nimekufa."

Mama alitokea mlangoni na ndoo ya maji na ufagio. Chumba kilikuwa kitupu, na ukutani yalibaki matundu ya misumari. Alianza kufagia. Baba akamwita kutoka juu ya kigoda, "Mama watoto, hii baraza nayo pango lake shilingi ngapi? Niambie mapema, nisije nikatolewa vitu nje tena." Mama hakucheka. Alifagia mpaka mavumbi yakatoka nje kwa mlango wa mbele, na nikaona anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Mpangaji alipatikana haraka, kwa vile chumba ni kizuri. Alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, Mkatoliki, mtu mpole mwenye kofia ya soka. Mabinti zake wawili walikuwa wamepata sekondari mjini na alitaka chumba cha kuwapangia, geto lisilokuwa na wahuni. Alimuuliza mama maswali mengi kuliko mama alivyomuuliza yeye. Mlango wa uani unafungwa? Kuna mtu mzima anayekaa nyumbani mchana? Mama akamwonyesha baba barazani.

"Huyu hatoki hapo," akasema.

"Basi mzee ndiye mlinzi wa wanangu," yule mkulima akasema.

Alikuwa ametoka kulipwa tumbaku yake. Kwetu mpangaji hulipa miezi sita kwa mpigo. Yeye alilipa mwaka, fedha taslimu, ili wanawe wasije wakasumbuliwa wakati yeye hana. Nilihesabu mbele ya mama. Ilitimia nusu ya ada, na mama akaipokea kwa mikono miwili akaipitisha moja kwa moja kwa kitinda mimba, haikugusa hata mkeka.

Akaripoti chuo siku mbili kabla ya mwisho.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mvua ya Tabora ikija na upepo wa mashariki inaingia barazani mpaka ukutani. Baba alifunika cherehani kwa nailoni na kukaa kwenye kiti chake katikati ya mlango, miguu ndani, akisubiri ikatike. Nililetewa picha ya hali hiyo na mpangaji mmoja kwenye simu, nikaja mbio nimejaa hasira. Nikamwambia nitamtoa mpangaji wa chumba changu, aingie yeye. Baba akaniangalia kama ninavyowaangalia wale wenye mifuko ya rambo.

"Na mwanao asome kwa kitu gani?"

"Nitajua mwenyewe."

"Hujui. Wewe unajua kodi tu."

Lilinichoma. Nikaenda kununua turubai na kamba, na kijana wa mtaani akalifunga kuanzia boriti mpaka nguzo. Siku ya kwanza baba alilalamika linampunguzia mwanga. Baadaye akawa analifungua na kulifunga mwenyewe, akilisifia kwa wapita njia. Wateja waliongezeka kweli, hilo lazima niliseme, na nusu ya ada iliyobaki baba aliilipa kwa sindano yake. Watu waliokuwa wakienda msikitini walimwona wakakumbuka kanzu zao zilizochanika. Mwaka uliofuata nilimwambia biashara imekua, twende tukaseme ofisi ya kodi. Akauliza kama mvua nayo inakadiriwa.

Wale mabinti wa Ulyankulu walifanya kazi zao za shule kwenye baraza, mmoja kila upande wa cherehani, kwa sababu ya hewa. Wakikosea kusoma kwa sauti baba aliwarekebisha, kisha wakamrekebisha yeye.

Kitinda mimba amemaliza mwaka huu. Anafanya kazi kwenye zahanati, na alikuja nyumbani Ijumaa kwa ajili ya ufunguo wake. Kaka alikuja kutoka Mwanza, mdogo wetu akaja kwa treni kutoka Kaliua. Mama alipika pilau. Wale mabinti walikuwa wamemaliza kidato chao wakarudi kwao, na chumba cha mbele kilikuwa kimefagiliwa, kitupu, na watu watatu walikuwa wameshakiulizia. Mimi nilikuwa nimempangia mdogo wangu kila kitu. Pango la kwanza anunue vipande, asingoje kuzaa, aanze mapema, nikamwonyesha na hesabu.

Alinisikiliza vizuri kabisa, kama mama.

Baba alisoma dua akamkabidhi ufunguo. Mdogo wangu akaubusu mkono wa baba, akaurudisha ufunguo kwenye kiganja cha baba, kisha akavifunga vidole vya baba juu yake.

"Ingiza cherehani yako, baba."

Baba alimtazama mama, kwa sababu sheria ni ya mama. Nami nilimtazama mama, nikisubiri aseme haki ya wajukuu wasiozaliwa. Mama aliweka sufuria chini.

"Chumba ni chake," akasema. "Anampangisha anayemtaka."

Baba akatafuta utani, nilimwona akiutafuta, kama anavyotafuta tundu la sindano siku hizi macho yake yalivyo. "Haya, mama mwenye nyumba," akasema mwishowe. "Pango shilingi ngapi?"

"Ulishalipa," mdogo wangu akasema.

Cherehani haijaingia mpaka leo. Amezoea baraza na wateja wamezoea kumwona hapo. Lakini kila mchana baada ya adhuhuri anafungua chumba cha mbele, anatandika mkeka, anafunga mlango kwa ndani, na mama anatukataza kupiga kelele kwenye ujia.